Kwenu wanangu mnaoanza kusuka ukindu, majani ya mti wa mkindu

Wanangu,

Mkono mwepesi ni neema, ila mkeka una mambo yake, na mengi hutendeka kabla hamjasuka hata shibiri moja.

Kateni kuti changa ambalo bado limejifunga, moyo wa mkindu muuache. Anikeni siku 4 au 5 za jua kali. Ukinyeshewa, ukindu hufanya madoa ya ukungu ambayo rangi haiyafichi. Ukiwa mbichi husukika vizuri mno, na hapo ndipo unapomdanganya mtu: leo ukili, yaani utepe uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, umebana, wiki ijayo umenywea, mwanga unapita katikati. Uliotiwa rangi usuuzeni mpaka maji yatoke meupe, la sivyo msala utachafua kanzu ya mwenye kuswali.

Chane, yaani vipande vyembamba vya jani lililochanwa, ziwe sawa. Chagueni moja, nyingine zote zipimwe kwake. Wakati wa kusuka zinyunyizieni maji kidogo, mzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Chane kavu huvunjika.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi mnapochoka. Mkeka wa upana wa sentimita 120, kwa ukili wa sentimita 6, unataka vipande 20. Kila kimoja kikiwa mita 2, mtasuka mita 40. Kila kipande kikipungua upana milimita 3, umepoteza sentimita 6: upana wa ukili mzima! Katikati ya kazi hutaliona hilo. Basi kateni kijiti cha sentimita 6, mpime kila baada ya pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Chane ikikaribia kuisha, ingizeni mpya ilale juu ya ile ya zamani kwa mapishano matatu au manne, na msiunge mbili mahali pamoja, patakatika. Mkikosea, fumueni siku hiyohiyo. Chane iliyokaukia kwenye mkunjo hupasuka ukiinyoosha. Najua inauma kufumua pima mbili, na mtajiambia mshono utaficha. Mshono ndio unaotangaza.

Kwenye kushona, shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ipite kwenye vitanzi vya ukingo, uzi ukazwe vipande vikutane tu. Kisha msikimbilie kupinda pindo. Utandikeni mkeka sakafuni usiku mmoja. Asubuhi tazameni pembe: iliyonyanyuka, uzi wake ulivutwa kupita kiasi. Fumueni mshono huo mmoja, mwingine muuache.

Mama yenu