Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Filamu ya Joker na Kura Iliyozua Mjadala

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha watazamaji wa filamu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu, nami nafanya hivyo nikitambua kwamba wengi wenu mmekuja kusikia jambo moja tu, nalo ni kura ya filamu ya Joker. Nitalifikia. Naomba kwanza nipite haraka kwenye shughuli za kawaida ambazo mnazifahamu.

Maonyesho ya kila mwezi yamefanyika kama yalivyopangwa, isipokuwa pale projekta ilipoharibika. Kamati tendaji imekutana, kabati la vitabu vya katuni limepangwa upya na kuorodheshwa, na hesabu za fedha mtazisikia kwa mtunza hazina. Kuhusu mahudhurio na ada sina la kuficha. Daftari lina wanachama 86. Waliolipa ada yote ni 31, waliolipa nusu ni 11, waliobaki hawajalipa chochote, na maonyesho ya kawaida hayakupata kuvuka watu 20, hadi lilipofika onyesho la Joker, ambapo walijitokeza watu 47. Wanaodai kwamba filamu ile imekifukuzia chama watu ningependa watueleze hao 47 walitoka wapi.

Filamu hiyo niliipendekeza mimi iwe filamu ya mjadala wa mwaka, na kamati ikaridhia. Sababu zangu zimo katika kumbukumbu za kikao, lakini kwa kuwa zimepotoshwa sana huko nje nitazirudia. Joker, filamu kuhusu adui wa Batman katika vitabu vya katuni, iliyoongozwa na Todd Phillips na kutoka mwaka 2019, iliwagawa watazamaji tangu mwanzo. Ilitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice; iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar na kushinda 2, ya mwigizaji bora wa kiume aliyoipata Joaquin Phoenix na ya muziki aliyoipata Hildur Guðnadóttir; na ilikuwa filamu ya kwanza ya daraja la R la Marekani, yaani daraja ambalo mwenye umri chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, kuingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani. Papo hapo wahakiki wengi waliiponda na kuiita hatari, wengine wakaiita tupu. Chama cha watazamaji kinachoikwepa filamu ya namna hiyo sijui kinangoja kujadili nini.

Yupo aliyeniandikia kwamba nimeleta damu mahali pa katuni za watoto. Namkumbusha kwa heshima kwamba mhusika huyu alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1940, katika toleo la kwanza la kitabu cha Batman, na humo humo alikuwa muuaji. Hata hivyo niliweka sharti la umri wa miaka 18, ambalo ni kali kuliko la Uingereza, ambako filamu hii inaruhusiwa kuanzia miaka 15. Waliorudishwa mlangoni na vijana wao walinuna, na bado wamenuna.

Siku ya onyesho mambo yalikwenda vizuri kwa zaidi ya saa nzima. Watu walitulia hata pale Arthur Fleck, mchekeshaji aliyeshindwa ambaye ndiye anayegeuka Joker, anapompa abiria mwenzake kadi inayoeleza kwamba kicheko chake ni maradhi. Tatizo lilianza nyumbani kwa Arthur, baada ya kumuua kwa mkasi mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Gary, ambaye ni mtu mfupi sana wa kimo na ambaye alikuja pamoja na marehemu, anaruhusiwa aende zake. Anafika mlangoni, ananyoosha mkono, na hafikii mnyororo wa mlango. Inambidi amgeukie muuaji na kumwomba amfungulie. Ukumbini kwetu safu za nyuma ziliangua kicheko, safu za mbele zikageuka kuwakodolea macho waliocheka kana kwamba wao ndio walioshika ule mkasi, na kabla hatujafika mbali wanachama 9 walikuwa wameshatoka. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kwa hiyo hesabu hiyo ni yangu mwenyewe na haihitaji kuthibitishwa na mtu.

Waliobaki mpaka mwisho walijaza fomu 38. Walioikubali filamu walikuwa 21, walioikataa 12, na wasio na uamuzi 5. Baadaye wale 9 walitaka nao wahesabiwe kuwa wameikataa, na wanachama wengine 6 ambao hawakufika kabisa walileta barua za kuikataa. Niliamua, kwa mamlaka ya kiti, kwamba watakaohesabiwa ni waliotazama filamu hadi mwisho. Naitaja hesabu yenyewe kwa sababu imekuwa ikinong’onwa kana kwamba niliificha: tukiwaongeza wale 9, kura zinakuwa 21 kwa 21, tukiongeza na zile barua 6, filamu inakataliwa kwa kura 27. Hilo nililijua nilipotoa uamuzi. Ningelitoa vilevile kama matokeo yangekuwa kinyume, na anayeona sivyo ana haki ya kuleta hoja ya kutokuwa na imani na mwenyekiti, mradi awe amelipa ada.

Hoja yao kuu naieleza kwa haki. Wanasema kutoka ukumbini ni maoni, tena ni mazito kuliko alama ya kalamu kwenye fomu. Nakubali kwamba ni maoni, na ndiyo maana kumbukumbu zinaonyesha kwamba watu 9 walitoka, na zinaonyesha walitoka katika tukio gani. Lakini fomu yetu haikumuuliza mtu kama amechukizwa. Iliuliza kama filamu inamtetea muuaji au inamweleza tu, na jibu la swali hilo limo katika ile karibu nusu saa ambayo wao hawakuiona.

Nitaeleza kwa nini. Wengi wa waliotoka wanalalamika kwamba filamu inamwachia Arthur alaumu jamii nzima pasipo mtu wa kumjibu. Yupo anayemjibu. Ni Murray Franklin, mtangazaji wa kipindi cha usiku aliyeigizwa na Robert De Niro, na anamjibu mbele ya kamera: kwamba anajihurumia kupita kiasi, kwamba anatafuta visingizio vya kuwaua wale vijana watatu wa kwenye treni, na kwamba si watu wote walio wabaya. Ni kweli kwamba Murray mwenyewe hana mikono misafi, maana alimwalika Arthur ili wamcheke, na ni kweli kwamba analipa kwa uhai wake dakika hiyohiyo. Mtu anaweza kusema jibu lile ni dhaifu, au kwamba muongozaji amelitia katika kinywa kisichofaa, na katika wale 12 walioikataa filamu wapo waliosema hivyo vizuri sana. Asiyelisikia hawezi kusema kwamba halikuwepo. Halafu kuna tukio la mwisho kabisa, la Arthur akiwa hospitalini mbele ya daktari, akicheka mzaha ambao anakataa kumsimulia, na ambalo linamwacha mtazamaji akijiuliza kama sehemu kubwa ya aliyoyaona haikuwa hadithi ya kubuni ya mgonjwa. Filamu inayojitilia shaka katika dakika zake za mwisho haiwezi kuhukumiwa na aliyetoka kabla yake.

Sikubuni utaratibu huu kichwani. Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Februari, tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni juu ya filamu, ilizuia watu kuandika maoni juu ya filamu ambayo haijatoka, na baadaye mwaka huo ikaanza kutenganisha alama za watazamaji waliothibitishwa kununua tiketi, kwa sababu maoni ya wasiotazama yalikuwa yameanza kuvuruga hesabu. Kama wao waliona umuhimu wa kujua nani ametazama, sioni kwa nini chama chenye kabati moja la vitabu kione ni uonevu.

Kuhusu barua 6 sitasema mengi, ila barua 3 kati ya hizo zilidai kwamba familia za waliouawa mjini Aurora, Marekani, zilitaka filamu hii ipigwe marufuku. Si kweli. Mwaka 2012 watu 12 waliuawa kwa risasi katika ukumbi wa sinema wa mji huo wakati wa onyesho la filamu nyingine ya Batman, na mwaka 2019 baadhi ya familia ziliiandikia kampuni ya Warner Bros. kuhusu Joker. Waliiomba kampuni iache kuwachangia wanasiasa wanaopokea fedha za watetezi wa bunduki, na isaidie waathirika. Hawakuomba filamu izuiwe. Ukumbi ule wenyewe haukuionyesha, na kila mwenye utu anaelewa sababu. Naleta habari hii kuonyesha kinachotokea maoni yanapoandikwa na mtu ambaye hakufika, juu ya filamu ambayo hakuiona, kwa kutegemea barua ambayo hakuisoma.

Upinzani wenye uzito kuliko wote haukutoka kwa waliotoka wala kwa walioandika barua. Ulitoka kwa mwanachama aliyekaa mpaka taa zikawashwa, kisha akasema kwamba filamu inafunga pamoja ugonjwa wa akili na ukatili, na kwamba inafanya hivyo kwa ustadi, jambo ambalo ni baya zaidi. Alitutajia utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Network Open, ambao uliwalinganisha watu waliotazama Joker na waliotazama filamu nyingine, na ukakuta kwamba waliotazama Joker waliongezeka katika kuwadhania vibaya wagonjwa wa akili. Nilimjibu kwamba filamu inaonyesha pia huduma za jamii zikifungwa na Arthur akiachwa bila dawa, na kwamba hilo ni shtaka dhidi ya wenye madaraka. Alisema mtazamaji wa kawaida hatoki ukumbini akizikumbuka dawa, anatoka akikumbuka ile ngoma ya kwenye ngazi. Mjadala wa jioni hiyo uliishia kwake, na ulistahili. Naongeza tu kwamba hata watafiti hao waliwapima watu walioitazama filamu.

Wasomaji wa katuni, ambao ni wachache lakini sauti zao ni kubwa, walilalamika kwamba hii si katuni iliyogeuzwa filamu, kwa sababu Phillips na mwandishi mwenzake Scott Silver hawakufuata kitabu chochote kimoja. Wana haki, lakini mchekeshaji aliyeshindwa na kugeuka Joker alikwishakuwamo katika The Killing Joke ya Alan Moore na Brian Bolland, ya mwaka 1988, na humo pia Joker mwenyewe hana hakika na historia ya maisha yake. Kitabu hicho kimo kabatini mwetu. Daftari la kuazima linaonyesha kwamba wawili kati ya walalamikaji hawajawahi kukiazima.

Ieleweke kwamba mimi nilijaza fomu kama mwanachama mwingine yeyote, na niliikubali filamu. Niliandaa pia, bila posho, maelezo ya utangulizi kuhusu muziki wa Guðnadóttir: jinsi alivyoanza kuutunga kabla ya upigaji picha kwa kusoma muswada tu, na jinsi ngoma ya Arthur ya chooni, baada ya mauaji ya kwenye treni, ilivyozaliwa Phoenix aliposikilizishwa muziki huo. Maelezo hayo yalisifiwa hata na waliokuja kutoka baadaye. Sijasikia yakitajwa katika malalamiko.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuonyesha mwendelezo wake, Joker: Folie à Deux ya mwaka 2024, ambayo Lady Gaga ameshiriki na ambayo imejaa nyimbo. Watazamaji wa siku za mwanzo nchini Marekani, walipoulizwa na CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji, waliipa alama ya D, wakati ile ya kwanza walikuwa wameipa B+. Natumaini itatupa mjadala mzuri, na naona mapema kwamba watakaotoka watakuwa wengi zaidi. Kwa sababu hiyo kamati itaangalia uwezekano wa kuandaa fomu fupi itakayokaa mlangoni, ili anayetoka aandike ametoka wakati gani na kwa nini. Itahesabiwa peke yake, haitachanganywa na za waliomaliza. Tunatarajia pia kupata spika bora, ikiwa ada zitalipwa.

Fomu zote 38 pamoja na barua 6 ziko kwa katibu, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuzikagua katika siku 14 kuanzia leo. Wenye kuzikagua wafike na kadi zao za uanachama zilizogongwa muhuri wa mwaka huu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti