Mwenye pumu na COPD asiondolewe steroidi ya kuvuta

Mhariri,

Makala za afya huiweka pumu upande huu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, yaani COPD, upande ule, kana kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na yote mawili. Anaweza. Aliyeugua pumu tangu utotoni, kisha akavuta sigara miaka mingi au akapika kwa kuni ndani ya chumba kisichotoa moshi, huvuka miaka 40 akiwa na kifua kisichoeleweka: usiku kinabana na kutoa mlio kama filimbi, asubuhi kinaachia, lakini hata siku njema ngazi chache tu zinamkata pumzi.

Hapa kusikiliza kifua hakutoshi. Kinatakiwa kipimo cha spirometa, mashine inayopima hewa anayotoa mtu. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu zake zote, huvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 400, yaani mikupuo 4 ya 100, husubiri dakika 10 hadi 15, kisha hupuliza tena. Ikiwa baada ya dawa hewa ya sekunde ya kwanza bado haifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, kuna mziba usiofunguka wote. Hewa hiyo ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200, si ushahidi tosha wa pumu, maana hata COPD tupu hufanya hivyo. Ikiongezeka kwa zaidi ya mililita 400, uwezekano wa pumu ni mkubwa. Na aliyevuta salbutamoli saa mbili kabla ya kupimwa atatoa majibu ya kupotosha. Akae angalau saa 4 bila dawa hiyo, kifua kikimruhusu.

Kosa linalouma zaidi hutokea kwenye cheti cha dawa. Mwenye COPD peke yake anaweza kupewa vipanuzi vya muda mrefu, yaani dawa za kufungua njia za hewa, bila steroidi, ambayo ndiyo hutuliza uvimbe wa njia hizo, na ni sawa. Mwenye pumu ndani yake akipewa kipanuzi kama salmeteroli au formoteroli peke yake, njia zinafunguka, anajiona amepona, huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini hadi siku shambulio linapokuja, na linaweza kuua. Kwa hiyo steroidi ya kuvuta ibaki, kwa dozi ndogo au ya wastani, kipanuzi kiongezwe juu yake. Kukimbilia dozi kubwa nako si busara: kwenye mapafu yenye COPD huongeza hatari ya nimonia.

Kabla ya kubadili dawa, mwambie mgonjwa aivute mbele yako. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, na dawa inaishia kooni. Atikise inhela, atoe pumzi, abane midomo, aanze kuvuta polepole na kubonyeza mara moja, ashikilie pumzi sekunde 10. Mkupuo wa pili usubiri nusu dakika. Akimaliza steroidi asukutue na kutema, la sivyo kinywa kitaota utando mweupe wa fangasi.

Spesa ya plastiki, chombo kinachounganishwa kati ya inhela na mdomo, humsaidia sana asiyeweza kuoanisha kidole na pumzi. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inaganda ukutani badala ya kufika kifuani.

Msomaji wako