Mwanangu, ile filamu nimeitazama hadi mwisho

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani tu wazima, na baba yako anakusalimu ingawa bado hataki kuitazama filamu uliyonitumia, Religulous. Uliniandikia kwamba huenda ningekasirika, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na filamu yenyewe inaicheka dini tangu mwanzo hadi mwisho. Sikukasirika, na mahali pengine nilicheka mpaka baba yako akaja kuchungulia kuna nini. Lakini uliniuliza kama Bill Maher, yule mchekeshaji wa Marekani anayewahoji watu humo, ana haki ya kuuliza anayoyauliza, na swali la namna hiyo sikuona vema kulijibu kwa ujumbe wa simu.

Haki anayo. Religulous ilitoka mwaka 2008, ikiongozwa na Larry Charles, na mhoji wake ni mtu aliyekulia ndani ya mambo hayo: baba yake alikuwa Mkatoliki, mama yake Myahudi, naye utotoni alipelekwa kanisani pamoja na dada yake huku mama akibaki nyumbani. Anapoketi na mama huyo na dada yake, wakaulizana kwa nini nyumba yao iliishi hivyo, nilimwona mtu anayetaka kujua kweli. Mama yake alifariki mwaka 2007, kabla filamu haijatoka. Laiti filamu nzima ingeulizwa kwa sauti ile.

Mimi swali hulipima kwanza kwa kutazama nani anayeulizwa. Maher anapombana Mark Pryor, aliyekuwa seneta wa Arkansas, naye seneta anajibu kwamba hakuna mtihani wa akili wa kuingia Seneti, kicheko kile ni halali kabisa, maana mtu huyo alikuwa akipiga kura juu ya sheria zinazowafunga wengine. Ni halali pia kumuuliza Ken Ham kuhusu jumba lake la makumbusho kule Kentucky, ambako watoto huonyeshwa wanadamu wakiishi pamoja na dinosaria, kwa sababu pale mtoto anafundishwa jambo na kuambiwa ni sayansi. Na yule José Luis de Jesús Miranda wa Miami, aliyejitangaza kuwa Yesu amerudi huku amevaa suti za gharama, nadhani aliulizwa kwa upole kupita kiasi.

Wale madereva wa malori, je? Wanasali katika kanisa dogo lililotengenezwa ndani ya tela huko Raleigh, Carolina Kaskazini. Maher anaingia na maswali yake, mmoja anakasirika na kutoka, waliobaki wanajibu wanavyoweza na mwishoni wanamwombea mgeni wao, naye, kwa heshima yake, anawashukuru kwa kumwonyesha tabia ya Kristo mwenyewe. Hawakumdhulumu mtu wala kutunga sheria yoyote. Sikuona sababu ya kuwasafiria kwa kamera.

Kuna jambo lingine ambalo naona wewe umelipita haraka. Waliohojiwa wengi hawakujua wanaingia katika filamu gani, kwa kuwa walitajiwa jina jingine, lililodokeza safari ya kiroho. Kisha mtu akianza kujieleza, sentensi yake inakatwa na kuchomekewa kipande cha filamu ya zamani ili tucheke kabla hatujamsikia. Zaidi ya hayo, Maher anadai kwamba habari za Yesu zilikwisha kusimuliwa juu ya Horus, mungu wa Misri ya kale, aliyezaliwa na bikira, akawa na wanafunzi 12 na kusulubiwa, ilhali maandishi ya Wamisri hayasimulii hivyo. Kwao mungu wa kike Isis alipata mimba ya Horus kwa mumewe Osiris baada ya kumfufua. Anayewadai waumini ushahidi alipaswa kuukagua wa kwake kwanza.

Ajabu ni kwamba mashahidi wake bora ni mapadre wawili. George Coyne, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota kuanzia mwaka 1978 hadi 2006, anaeleza kwa utulivu kwamba Maandiko yaliandikwa karne nyingi kabla ya sayansi ya leo kuzaliwa, hivyo ni kazi bure kuitafuta sayansi humo. Naye Reginald Foster, mtaalamu wa Kilatini, anasimama nje ya Kanisa la Mtakatifu Petro akicheka mambo ya Kanisa lake kwa ukali kuliko mgeni wake. Watu hao wawili walikuwa ndani ya dini iliyopangika kuliko zote, nao walihoji bila kufukuzwa Kanisani.

Hapo ndipo filamu ilinipungukia, mwanangu. Maher anauliza sana habari za nyoka aliyeongea, na za Yona ndani ya samaki, lakini haulizi vya kutosha nani anashika fedha, nani anaweza kumhoji mhubiri na nani anaweza kumwondoa. Kwetu, kama unavyokumbuka, sadaka huhesabiwa mezani na watu kadhaa baada ya ibada, hata fedha za mnada wa ndizi na kuku, na hesabu husomwa mbele ya usharika. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaoninunia kwa sababu yake. Kule Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya watu waliteketea katika jengo lao la ibada baada ya wengi kuuza mali zao na kuwafuata viongozi wasiowajibika kwa muumini yeyote. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Waliokufa walisoma Biblia ileile ninayosoma mimi.

Ndiyo maana hotuba ya mwisho ya Maher pale Megido huko Israeli, yenye moto na milipuko, ikitangaza kwamba dini lazima ife ili binadamu aishi, haikunishawishi. Filamu nzima alisema yeye anahubiri kutojua, kisha akamalizia kwa uhakika wa mhubiri wa mkutano wa hadhara.

Mchungaji nimemweleza habari hizi, naye ameomba umpelekee filamu hiyo ukija likizo, akasema yuko tayari kuulizwa lolote, hata juu ya gari jipya la usharika. Nimemwahidi kwamba swali la gari nitaliuliza mimi.

Mama yako