Mixa mpya: someni kabla ya mazoezi ya Jumamosi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa mitambo. Allen & Heath SQ-5 yetu ina feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) 16 na moja ya masta (sauti yote), lakini chaneli (njia za sauti zinazoingia) ni 48. Ndiyo maana kuna tabaka 6, kila moja inazipa feda kundi lake la chaneli: ukibonyeza kitufe cha tabaka, feda zinakimbia zenyewe hadi pale zilipoachwa. Zina mota, msizizuie kwa kidole.

Kubwa zaidi ni vitufe vya miksi. Ukichagua miksi ya monita za kwaya (spika za jukwaani), feda zilezile sasa zinapeleka sauti monita, si spika za nje. Jumapili iliyopita nilisahau kurudi LR (miksi kuu ya spika za nje). Nikapandisha maiki ya mchungaji, waumini hawasikii kitu, kumbe naijaza jukwaani mpaka monita zikapiga mluzi. Iliniuma sana. Tafadhali, kabla hujagusa feda, hakikisha LR imewaka.

Kioo kinataka kidole kikavu. Bonyeza Sel (kitufe cha kuchagua) ya chaneli, gusa EQ (ya kurekebisha besi na sauti nyembamba), kisha zungusha kitasa cha pembeni; ukiburuta kwa kidole ni rahisi kupitiliza.

Jumamosi saa 8 mchana nitakaa na kila mmoja kwa zamu. Dada zetu wa ibada ya kwanza tutaanza nao.