Klitschko si bondia tu, na umeya wa Kyiv si wa kawaida

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yakimtaja Vitali Klitschko, meya wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, huishia kwenye ndondi: mapambano 47, ushindi 45, nokauti 41. Hata vipigo vyake viwili havielezwi sawasawa. Mwaka 2000 alimwongoza Chris Byrd kwa pointi hadi jeraha la bega likamtoa ulingoni. Mwaka 2003, baada ya raundi ya 6, daktari alisimamisha pambano lake na Lennox Lewis kwa sababu ya mpasuko juu ya jicho la kushoto. Hapo pia alikuwa mbele kwa pointi.

Umaarufu huo haukumpa umeya kirahisi. Aligombea Kyiv 2006 na 2008, akaanguka mara zote mbili. Aliingia madarakani 2014 akiwa na chama chake cha UDAR, neno lenye maana ya pigo.

Linalopotoshwa zaidi ni madaraka yake. Meya wa Kyiv huchaguliwa na wananchi, lakini mkuu wa utawala wa jiji huteuliwa na rais. Mwaka 2014 Klitschko alikabidhiwa vyeo vyote viwili. Urusi ilipoanza uvamizi wake mkubwa 2022 ukaongezwa utawala wa kijeshi, nao mkuu wake huteuliwa na rais. Desemba 2024 akawekwa Tymur Tkachenko. Mipaka ya kazi zao inaingiliana, na wawili hao wamelumbana hadharani.

Tena tusiandike kwamba amekatalia kitini. Alichaguliwa tena Oktoba 2020 kwa miaka 5, na sheria ya Ukraine inakataza uchaguzi wakati wa hali ya vita.

Msomaji wenu,
Tanga