Kaka, ile haikuwa kanda

Kaka,

Kadi ya mchango nimeiona. Imeletwa na namba nisiyoijua, ina picha ya binti yetu na kijana wake, tarehe ya harusi, na chini kabisa jina lako, "kwa niaba ya familia". Miaka minne hujanipigia, nami sijakupigia, na leo familia inaniita kwa kadi iliyotumwa kwa watu mia mbili. Nitachanga. Yule mtoto nilimbeba mgongoni pale landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikiwa bado navaa sare za shule, hana kosa lolote. Ila kabla sijapanda basi kuja Kampala, nataka tuyamalize ya Mei 2020. Kwa simu tutakatiana tena. Nakuandikia hapa, na wale wenzetu wa kikundi cha mashabiki wakisoma wasome. Wao waliona nusu ya ugomvi, wakadhani ulikuwa wa muziki.

Kanda yenyewe unaikumbuka. Ulitoka nayo chuo cha ufundi, umepewa na yule kijana wa Kijerumani aliyekuja kufundisha kuchomelea akakaa mwaka mmoja. Juu yake aliandika kwa kalamu jina refu la bendi ya kwao ambalo wewe ulilitamka kwa taabu na mimi likanishinda kabisa: Einstürzende Neubauten. Majengo mapya yanayoporomoka. Ukatusimulia kama mtu aliyekuwapo. Kwamba walianza Berlin Magharibi, tarehe 1 Aprili 1980. Kwamba mpiga ngoma wao, N.U. Unruh, alikosa pesa akauza ngoma zake, akaenda kuokota mabati, springi na mabomba, akapiga hayo. Kwamba Januari 1984 walipanda jukwaa la ukumbi wa ICA kule London na mashine za kutobolea, wakaanza kulichimba lile jukwaa lenyewe mpaka wenye ukumbi wakawasimamisha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaamini yote. Miaka mingi baadaye nilipopata intaneti nikahakikisha, nikakuta hukunidanganya hata kidogo. Wakati ule hukuwa mtu wa kunidanganya.

Na Mzee, baba yetu, akapita. Hilo ndilo ninalolirudia nikikosa usingizi. Alikuwa ametoka zamu, nyundo yake ya mpini mrefu begani, akasimama mlangoni akasikiliza dakika nzima bila kuvua kofia. Tukangoja kufokewa. Akasema, "Huyu anayepiga chuma si mhunzi. Anakipiga kikiwa baridi." Akasikiliza tena. "Lakini anakisikiliza." Akaenda kunawa.

Wewe ulicheka, na ukawa unalirudia lile neno la kwanza kwa marafiki zako. Mimi nilibaki na la pili.

Kwa sababu kazi ya Mzee ilikuwa hiyo, Kaka. Sisi tulizoea kusema baba yetu anapiga chuma, kama watoto wa landhi walivyosema baba zao wanaendesha gari moshi hata kama walifagia stesheni. Mzee hakuwa akipiga. Alikuwa akigonga gurudumu moja moja la behewa, mara moja, taratibu, kisha anasikiliza. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka, na behewa linatolewa kwenye msafara kabla halijaua watu. Alinifundisha mimi, si wewe, kwa sababu wewe ulikuwa huna subira ya kungoja sauti iishe. Siku za Jumapili alinipeleka mpaka kwenye yadi ya Tororo akanifumba macho kwa kiganja chake. "Hili?" Zima, Baba. "Hili?" Zima. "Na hili?"

Reli ilipompunguza kazini alitoka na nyundo, jiliwa, na kile kipande cha reli alichopewa kwa barua yenye mhuri ili mtu asije kumwita mwizi. Kule Katwe, kwa mafundi vyuma wa Kampala, kikawa fuawe yake. Sigiri ngapi zimekunjwa juu ya kile kipande, mageti mangapi, beleshi ngapi! Sauti yake naijua kuliko kengele ya shule yangu, nayo kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli vilevile, kimetundikwa kwenye mwembe. Cha Mzee kilikuwa na sauti ya juu kidogo, na mwishoni inatetemeka kama mtu anayetaka kuongeza neno. Alipofariki, wazee wakasema vyuma vibaki kwako kwa kuwa vyuma si vya mwanamke. Sikubishana msibani. Niliomba nyundo ya mpini mrefu tu, mkanipa, kwa sababu haikuwa na kazi Katwe.

Basi ikaja Mei 2020, nchi imefungwa kwa korona. Mabasi yamesimama, bodaboda zinabeba mizigo tu, saa moja jioni kila mtu ndani. Na katikati ya hayo wale wazee wa Berlin wanatoa albamu, Ijumaa tarehe 15: Alles in Allem. Tangu ile ya 2007 walikuwa hawajatoa albamu yao ya kawaida. Ya 2014, Lament, waliagizwa na mji wa Diksmuide kule Ubelgiji kukumbuka vita vya kwanza vya dunia, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hiyo usiihesabu. Kwa hiyo miaka kumi na mitatu. Mimi nilinunua bando, nikafunga mlango wa chumba, nikavaa spika za masikioni.

Kikundini kukawaka. Yule wa Nairobi akasema amesikiliza Tempelhof, ule wa mwisho, akashindwa kula. Yule wa Dar akauliza drili iko wapi. Mwingine akasema afadhali wangekaa kimya tukabaki na kumbukumbu. Nawe ukaandika ule ujumbe mrefu ambao mpaka leo watu wanaunukuu, kwamba mwimbaji wao Blixa Bargeld ana miaka 61 na amekuwa mwalimu wa kwaya, kwamba kati ya nyimbo kumi ni Zivilisatorisches Missgeschick peke yake wenye meno, kwamba wamekisaliti chuma. Hilo neno ulilitumia. Kusaliti.

Sikukubali wakati ule na sikubali sasa. Kaka, isikilize tena Taschen. Mifuko. Wameijaza matambara ile mifuko mikubwa ya plastiki ya mirabamiraba, ileile wanayopanda nayo watu mabasi pale Malaba wakiwa wamehama na nyumba nzima, wakawa wanaipiga. Haina mlio, ina mshindo wa kitu kilichojaa. Mimi nafanya kazi mpakani, naiona mifuko hiyo kila siku inadondoshwa chini kwenye foleni ya ukaguzi, na sijawahi kusikia mtu akiitia kwenye wimbo. Halafu sikiliza walivyoimba mitaa yao, Grazer Damm, Wedding, Tempelhof, mfereji wa Landwehr. (Wedding ni mtaa, ulidhani ni harusi, ukaandika aya nzima juu ya harusi. Nilikurekebisha mbele za watu na nilikosea, ningekuambia faraghani.) Mtu anataja mtaa wake mmoja mmoja kwa sauti ya chini kama Mzee anayepita kando ya mabehewa. Anagonga mara moja, anangoja. Mashabiki wanaolilia kelele wanataka watu wale wabaki na miaka ishirini na moja maisha yao yote ili wao wenyewe wasizeeke. Niliyaandika hayo na nayasema tena.

Siku ya pili yake ukanipigia. Sikuzoea simu zako za mchana. Ukaanza moja kwa moja, bila hujambo, kunisomea makosa ya albamu, na nyuma yako kuna kishindo. Kwanza mlio mmoja wa chuma, wa juu, mrefu, unatetemeka mwishoni. Kisha wa pili. Kisha gurainda ikashika, ule mlio wa kukwaruza unaopanda mpaka meno yanauma, ikaacha, ikashika tena.

Nilidhani umeweka muziki, Kaka. Nilidhani umefungulia ile kanda yetu ya landhi ili kunishinda, kunionyesha chuma cha kweli kilivyokuwa. Na ulikuwa umeshinda. Nilisimama katikati ya chumba, nywele zimenisimama, nikakwambia, "Sawa, nakubali. Hapo walikuwa wazuri. Hapo hapana mfano."

Ukanyamaza.

Nikasema, "Acha iendelee, usizime."

Nawe hukuzima. Ulisimama pale na simu mkononi ukaniachia nisikilize reli ya Mzee ikikatwa vipande vitatu, nami naisifu. Kisha ukasema bando linaisha, ukakata.

Wiki tatu baadaye ndipo wifi aliponiambia. Hakujua kwamba sijui. Alisema mnunuzi wa vyuma chakavu alikataa reli nzima kwa kuogopa polisi, kwa kuwa reli inajulikana kuwa mali ya serikali, na barua ya Mzee yenye mhuri hamkuiona. Barua ilikuwa kwangu. Ilikuwa ndani ya Biblia ya Mama, kwenye kabati, mita mbili kutoka pale niliposimama na simu. Ungeniuliza!

Ulikuwa na njaa, najua. Katwe ilikuwa imefungwa, nani atanunua geti wakati wa kufuli? Sikulaumu kwa kuuza. Hata Unruh aliuza. Jiliwa ungeuza, mashine ya kuchomelea ungeuza, na siku ile ungesema tu, "Mdogo wangu, unachosikia ni kile kipande," ningelia, lakini ningelia pamoja nawe, na ningekuwa nimekiaga. Ninachoshindwa kukusamehe ni ule ukimya wako. Uliniacha nifurahi.

Na najua utakachojibu, kwa hiyo nitangulie. Tarehe 9 mwezi ule uliniomba shilingi laki moja na nusu nikakwambia sina. Nilikuwa nayo. Malori ya mizigo hayakusimama, yalipanga foleni kilomita kwa kilomita pale Malaba madereva wakingoja kupimwa, na sisi wa kutoa mizigo forodhani tulifanya kazi mchana na usiku. Nililipwa. Ila hakuna aliyejua mwezi ujao utakuwaje, nina watoto wawili na kodi, na wewe za mwaka uliopita ulikuwa hujarudisha. Mtu yeyote mwenye akili angeziweka. Na kweli, mwezi uleule nilituma mchango wangu kwa bendi. Unajua tangu 2002 wanachangiwa na mashabiki ili wafanye kazi bila kampuni ya muziki, na mwaka ule na mimi nilijiunga, mara ya kwanza maishani kuwa na pesa ya kujiunga na kitu. Haikuwa nyingi. Haingekuokoa. Nimepiga hesabu mara nyingi na kila mara naona haingekuokoa.

Wala kuja nisingeweza. Kampala walipofungua magari mwisho wa Mei, sisi wilaya za mpakani tuliendelea kufungwa. Ningepitia wapi? Ningefika na nini? Huwezi kunilaumu kwa hilo, na wifi aliposema "mngekuwa pamoja" nilimkatia simu, na sijutii.

Mzee alitulea kwa Kiswahili cha reli ili Mteso, Mluo na Mganda waelewane gizani kwenye yadi. Siku hizi serikali imekifanya lugha rasmi, watoto wanakitafuta vitabuni, nasi tulipewa bure, halafu miaka minne mimi na wewe tumekosa hata sentensi moja ya kuambiana.

Aprili mwaka huu wa 2024 wametoa nyingine, Rampen. Kikundini wamekwisha gombana na kupatana. Mimi sijaisikiliza, nimeipakua tu, iko kwenye simu. Nilijiambia ni kazi nyingi. Si kazi. Sijawahi kusikiliza albamu yao mpya bila kujua wewe utasema nini juu yake, na sijui nitaanzaje.

Nitafika Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, kwa basi la asubuhi. Nyundo nitakuja nayo, imefungwa kwenye khanga, na barua pia. Usimtume mtoto kunipokea stendi, njoo mwenyewe. Sitakuuliza habari ya pesa. Nataka uniambie hivyo vipande vitatu vilikuwa na urefu gani kila kimoja, na kama ulivigonga kabla hujavipakia. Ulivigonga? Vililia vipi?

Mdogo wako,
Tororo