Mwanakombo, mlete Rukia apimwe

Kisauni, Mombasa
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wamerudi shule, na joto la Mombasa walijua. Natumai Lamu nako ni salama, na shemeji amepona mguu.

Umeniuliza kama binti yako Rukia, aliyesimama kukua urefu, ni wa kungojewa au ni wa kupelekwa hospitali. Apelekwe. Nitakueleza kwa nini, na usinielewe kwamba nakutia hofu.

Katika yote uliyoandika, ufupi wake siyo ulionishtua. Watoto wafupi wako tele na wengi wao ni wazima kabisa. Lililonishtua ni lile la fundi: kwamba alipompima gauni la Idi alifungua daftari lake, akakuta vipimo vya urefu ni vile vile vya Idi iliyopita. Mwaka wetu wa Kiislamu wapungua siku kama 11 kwa ule wa kalenda ya ukutani, lakini siku 11 haziwezi kuwa sababu ya mtoto wa miaka 12 kutoongezeka hata upindo wa gauni. Mtoto huzaliwa na sentimita kama 50, akitimiza mwaka hufika 75 hivi. Baadaye kasi hupungua, ila tangu miaka minne mpaka karibu na kubaleghe hutakiwa aongezeke sentimita 5 au 6 kila mwaka. Akishuka chini ya 4, hata kama bado hajapitwa na wenzake, lazima sababu itafutwe. Ndiyo maana sisi wa kliniki ya watoto hatushughulishwi sana na urefu wa siku moja. Twatazama mstari kwenye chati, kama wapanda au umelala.

Mavyaa wako asema Rukia amefuata upande wao, ambako wanawake ni wafupi. Ana haki ya kusema, kwani urefu hurithiwa kweli. Lakini urithi nao una hesabu yake. Jumlisha urefu wako na wa shemeji, toa 13 kwa kuwa ni msichana (mvulana huongezewa 13), kisha gawa kwa mbili. Wewe ukiwa 158 na yeye 171, Rukia atarajiwa kufika karibu na 158, azidi au apungue sentimita nane au tisa. Tena mtoto aliyerithi ufupi huwa mfupi tangu mdogo, na huku aendelea kukua kwa mwendo wake. Urithi haumsimamishi mtu njiani. Wewe mwenyewe umesema mpaka darasa la tatu alikuwa bega kwa bega na binamu zake.

Halafu kuna mambo uliyoyataja kwa kupita tu, nami ndiyo yaliyoninyima usingizi. Asikia baridi hata mwezi wa Februari. Choo chake kigumu. Uso umevimba kidogo asubuhi, asinzia madrasa, alama za shule zimeshuka, na amenenepa. Mtoto asiyekula vizuri, au mwenye maradhi ya tumbo, kwa kawaida hukonda kwanza, ndipo urefu nao ukwame. Mfupi aliyenenepa hutufanya tuwaze homoni. Mimi ni muuguzi, siwezi kumtibu mtu kwa barua, lakini dalili hizo zikikutana, daktari huanza na tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Homoni yake ikipungua kila kitu huenda polepole: moyo, matumbo, fikra, mifupa. Kwa watoto wa rika lake mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe iliyogeuka ikaishambulia tezi, kwa hivyo usijilaumu kwa chakula ulichompa wala usichompa. Kipimo chake ni damu kidogo tu ya mkononi. Ikionekana ndiyo, dawa ni kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kabla hajala kitu, na mtoto huanza kufidia urefu uliompita. Lakini kadiri alivyokaa bila dawa ndivyo anavyofidia kidogo, na hapo ndipo ninapokuharakisha.

Kwa kuwa ni msichana, nataka umuulize daktari na jambo la pili. Kuna wasichana, kama mmoja kwa kila 2,000 au 2,500 wanaozaliwa, ambao wana kromosomu X (nyuzi za urithi zilizo ndani ya mwili) moja badala ya mbili, au ya pili ina kasoro. Hali hiyo yaitwa Turner, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1938. Wengine huzaliwa na mikono na miguu iliyovimba, au shingo pana, au huugua masikio mara kwa mara. Wengine hawana alama yoyote ya kuonekana ila ufupi, na baadaye kutovunja ungo. Akili zao kwa kawaida ni timamu. Kinachohitaji kuangaliwa ni moyo na figo, na homoni za kike huanza kupewa kwa kiasi kidogo karibu na umri huu wa Rukia. Kipimo chake pia ni damu, cha kromosomu. Sidhani ndiyo hali yake, ila mtoto wa kike aliyesimama kukua haruhusiwi kutoka hospitali kabla hili halijaulizwa.

Dada yako amekwambia ungoje mpaka avunje ungo, ndipo atarefuka. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Kwenye ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo urefu unapotoka. Homoni za kubaleghe humrefusha mtoto haraka kwa muda, kisha hulifunga tabaka hilo, na likishafungwa hakuna dawa wala sindano inayoongeza kitu. Ndiyo sababu watapiga eksirei ya mkono wa kushoto: kwa mifupa ya kiganja na kifundo daktari hujua umri wa mifupa, ambao huenda ni wa miaka tisa hali mtoto ana 12. Ikiwa hivyo, furahi, maana muda bado upo. Na kama hatakuwa na dalili yoyote ya matiti kufikia miaka 13, hilo nalo huchunguzwa kivyake.

Akitokea mtu wa kukwambia apimwe homoni ya kukua kwa damu ya mara moja tu, usitoe pesa. Homoni hiyo hutoka kwa vipindi, zaidi usiku mtoto akiwa usingizini, kwa hivyo damu ya saa nne asubuhi haisemi kitu. Ina vipimo vyake maalumu. Na ikihitajika kama dawa, kwa kawaida ni sindano ya kila siku, huwekwa kwenye friji na bei yake ni nzito, sitakuficha. Lakini tusifike huko kabla ya kuyamaliza ya karibu.

Ile poda ya kurefusha aliyokuletea jirani, imwage. Hujui kilichomo, na kama imetiwa dawa za jamii ya steroidi, hizo zikitumiwa muda mrefu ndizo zenyewe zinazozuia mtoto kukua. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, mnyweshe kama alivyosema maalimu, na dua isikome. Havizuii damu kupimwa.

Mpango wangu ni huu. Mwanzie hospitali ya hapo Lamu, mpate barua ya kumleta Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, kliniki ya watoto. Nitakwenda nanyi. Njoo na kijitabu chake cha kliniki tangu alipozaliwa, hata kama kimechanika, maana uzito na vipimo vya zamani ni dhahabu kwa daktari. Mpime pia nyumbani kabla ya safari: asubuhi, bila viatu, nywele zimefumuliwa, visigino vimegusa ukuta, kitabu kimelazwa sawasawa juu ya kichwa. Asubuhi kwa sababu jioni sote huwa tumepungua kidogo. Na wataalamu wa fani hii hawako ng'ambo pekee. Nairobi tangu 2008 kumekuwa na mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, basi tukipewa rufaa ya huko, tutakwenda.

Sasa Rukia mwenyewe. Umeandika kwamba wenzake wamwita kibeti, na kwamba mwalimu humketisha na watoto wa darasa la nne. Zungumza na mwalimu huyo. Na nyumbani nanyi msimfanye mdogo: mpe kazi za miaka 12, mazungumzo ya miaka 12, nguo za miaka 12 hata zikibidi kupunguzwa. Mtoto anayetendewa kwa kimo chake hujifunza kubaki mdogo moyoni, na hilo halina kidonge. Mwambie kweli kwamba yuaja kupimwa na kwa nini. Ana umri wa kuelewa, na mwili ni wake.

Kitanda chenu ni kile cha chumba cha nyuma, chenye feni. Nijulishe siku ya basi nije stendi kuwapokea. Shule ikikataa kumpa ruhusa, nipigie nizungumze nao mimi.

Msalimie shemeji na mavyaa.

Shoga yako,
Saumu